Mfupa wenye saratani usingojewe uvunjike

Mgonjwa wa saratani akiniambia, "Daktari, nikilala napata nafuu, lakini nikikanyaga tu paja linawaka moto," naagiza picha siku hiyohiyo. Maumivu yanayoamka mfupa unapobeba uzito yananitisha kuliko yale ya kawaida, kwa sababu mara nyingi mfupa huo umekaribia kuvunjika.

Saratani za matiti, tezi dume, mapafu na figo ni miongoni mwa zile zinazohamia sana mifupani. Zikifika huko mara nyingi huchochea seli za mwili wenyewe, zile zinazobomoa mfupa wa zamani, zibomoe kupita kiasi. Unabaki na kitu kama nguzo iliyoliwa na mchwa: nje nzima, ndani tupu.

Kwa mifupa mirefu, kama wa paja, tuna alama za Mirels za mwaka 1989, za kukadiria hatari ya mfupa kuvunjika. Tunaangalia mahali, maumivu, sura ya doa kwenye eksirei na ukubwa wake. Kila kimoja alama 1 hadi 3. Jumla ikifika 9, tunaimarisha mfupa kabla haujavunjika. Ikiwa 8, hapo namsikiliza mgonjwa kuliko karatasi.

Zamani tulipasua pakubwa. Sasa, kwenye nyonga au pingili za mgongo, mara nyingi matundu machache yanatosha. Naongoza sindano nene kwa eksirei ya moja kwa moja, pengine naunguza uvimbe kwanza, kisha napitisha skrubu au kusukuma saruji ya mifupa, ambayo huganda kwa dakika chache. Kidonda kikiwa kidogo, tiba ya mionzi au ya dawa haikai wiki nyingi ikisubiri kipone. Kwa mtu ambaye muda wake ni wa thamani hivyo, hilo kwangu ndilo kubwa.

Hatari zipo. Saruji inaweza kuvuja ikagusa neva, au ikaingia kwenye mshipa na kufika mapafuni, ndiyo maana siondoi macho kwenye skrini. Uvimbe uliotoka kwenye figo huvuja damu sana. Mara nyingi tunaziba mishipa yake kwanza. Na doa likiwa moja tu, sigusi skrubu kabla ya kuchukua kinyama kipimwe: huenda ni saratani iliyoanzia mfupani, na kuichokonoa ovyo ni kuisambaza.

Upasuaji huu hauponyi saratani. Unamrudishia mtu uwezo wa kusimama. Kwa hiyo kama unatibiwa saratani na mguu unauma ukikanyaga, mwambie daktari wako leo, na utembelee magongo mpaka picha isomwe.