Picha ya ukutani senta: dhana potofu na ukweli

Katika miji midogo ya Tanzania na Kenya, ukuta ndio ubao wa kila mtu: kinyozi kachorewa vichwa vitatu, bucha ina ng'ombe, zahanati ina mama na mtoto ndani ya chandarua. Picha zikibanduka, lawama humwendea mchoraji. Mara nyingi kosa liko kwenye ukuta.

"Rangi ya mafuta ndiyo inayodumu."

Dhana hii ndiyo sugu kuliko zote, na ina asili yake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli zenye kung'aa, na mtindo wake ukaenea. Ila yeye alichora juu ya ubao mkavu. Plasta ya saruji, hasa mpya, ina ukali wa chokaa. Ukali huo ukikutana na unyevu hugeuza mafuta ya rangi kuwa kama sabuni: rangi inabaki ikinata, inatoa malengelenge, kisha inabanduka kama ganda la muhogo. Ukutani tumia rangi ya maji ya akriliki, ile ya nje. Ya mafuta iachie mageti na mabango ya bati.

"Plasta ikishakuwa nyeupe, imekauka."

Imekauka juu tu. Ipe siku 28. Kwa ukuta wa zamani, bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, iache hadi kesho yake. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta bado una maji. Chumvi nyeupe ikitokea, ikwangue kwa brashi kavu; ukiiosha, maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Na kama maji yanapanda kutoka kwenye msingi, hakuna praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) itakayokuokoa.

"Ukuta mmoja unamaliza ndoo nzima ya lita 20."

Piga hesabu. Ukuta wa mita 6 kwa 3 ni mita za mraba 18. Kwenye plasta laini lita moja hufunika takriban mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Praima lita 2 na nusu, rangi ya chini mikono miwili lita 5, basi. Rangi za picha yenyewe nunua makopo madogo.

"Anayejua kuchora karatasini ataweza ukutani."

Mtu aliyesimama hatua moja kutoka ukutani haoni picha, anaona goti la ng'ombe. Chora mchoro wa sentimita 60 kwa 30, ugawe kwa miraba ya sentimita 5. Ukutani piga mistari kwa kamba yenye chaki kila sentimita 50. Kwa ukuta ule wa mita 6 kwa 3, utapata miraba 72 kwenye mchoro na 72 ukutani; hamisha mmoja mmoja, na kila baada ya safu vuka barabara uangalie.

"Vanishi juu yake italinda kila kitu."

Vanishi ya mafuta hugeuka manjano na kufungia unyevu ndani. Kinachochosha picha ni jua na matope. Nyekundu na manjano kali hupauka mapema, hasa ukuta unaotazama magharibi. Rangi za udongo, kama ile nyekundu ya matofali, hustahimili. Matone ya paa nayo hurusha udongo, kwa hiyo anza picha sentimita 80 kutoka chini, na sehemu hiyo ya chini ipake kahawia.