Picha Safi Haifuti Kifafa

Ripoti ya MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa mashine ya sumaku, inaposema "hakuna kasoro iliyoonekana", familia nyingi huelewa kwamba hakuna ugonjwa. Katika idara yetu ya picha za mwili hapa Nairobi tunakutana na jambo hili mara kwa mara, na linatuumiza. Mgonjwa aliyekuwa akimeza dawa huziacha, jamaa huanza kunong'ona kwamba anajifanya, na wengine humpeleka kuombewa mapepo. Ripoti haikusema lolote kati ya hayo.

Kifafa hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya kinachomtokea mtu. Kile kinachoanzia lobu ya panja, yaani sehemu ya ubongo iliyo kando ya kichwa usawa wa sikio, mara nyingi hakimwangushi mgonjwa. Huhisi kitu kinapanda kutoka tumboni hadi kooni, au huona kana kwamba jambo linalotokea sasa aliwahi kuliishi. Kisha hukodoa macho, hutafunatafuna hali mdomoni hamna chakula, hushikashika nguo, na akiitwa haitiki. Baada ya dakika moja au mbili hurudiwa na fahamu akiwa amechanganyikiwa. Aliyeshuhudia hayo aje kliniki pamoja na mgonjwa, na kama kuna video ya simu, bora zaidi. Akiwa katika hali hiyo msimkamate kwa nguvu. Mwelekezeni taratibu mbali na jiko au barabara.

MRI huonyesha umbo la ubongo, ilhali kifafa ni hitilafu ya umeme wa seli zake. Wakati mwingine hitilafu hiyo huwa na alama inayoonekana, hasa kovu kwenye hipokampasi, sehemu ndogo ya kumbukumbu iliyojikunja ndani ya lobu ya panja. Lakini kwa takriban asilimia 20 hadi 30 ya wenye kifafa cha lobu ya panja, picha haionyeshi kitu.

Hapo ndipo swali la maana linapozaliwa: picha hiyo ilipigwaje, na nani aliisoma? MRI ya kawaida ya kichwa hukata ubongo kwa vipande vya unene wa milimita 5 hivi, na kovu dogo linaweza kupotea humo kama jiwe katika kisahani cha wali. Utafiti wa Bonn, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2002, ulipima jambo hili. Wasomaji wasio wabobezi wa kifafa, wakitumia picha za kawaida, waligundua asilimia 39 tu ya kasoro. Wabobezi wakizisoma picha hizohizo walifika asilimia 50. Picha zilipopigwa upya kwa utaratibu wa kifafa, zilionyesha asilimia 91. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, ILAE, kilipendekeza vipande vya milimita 1 visivyoachana, pamoja na picha zilizokatwa kwa kukingama na urefu wa hipokampasi yenyewe. Kwa maoni yangu, kupanga mashine vizuri kuna faida kuliko kukimbilia tu mashine yenye nguvu zaidi. Fomu ya daktari nayo ina uzito: ikiandikwa "maumivu ya kichwa" tu, msomaji hatajua atazame wapi.

Picha ikibaki safi hata baada ya hapo, si kila mtu anahitaji vipimo zaidi. Anayetulia kwa dawa aendelee na dawa. Anayepaswa kufika kwa mtaalamu wa kifafa ni yule ambaye dawa mbili, zilizochaguliwa na kutumiwa ipasavyo, zimeshindwa kumtuliza. Kwanza atarekodiwa umeme wa ubongo huku kamera ikimtazama, kwa sababu kuna matukio yanayofanana na kifafa ambayo si kifafa, nayo yana matibabu yake.

Kisha inakuja PET, picha inayoonyesha jinsi ubongo unavyotumia sukari. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo, na kati ya shambulio moja na jingine, sehemu inayozua kifafa mara nyingi huonekana ikitumia sukari kidogo kuliko kawaida. Hapa Nairobi mashine hizi zipo, ingawa kazi yao kubwa ni saratani. Mwaka 2004 watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha kwamba wagonjwa wenye MRI safi lakini PET yenye dalili walinufaika na upasuaji wa kuondoa sehemu inayozua kifafa karibu sawa na wenye kovu la hipokampasi.

Hata hivyo, upasuaji hapa unahitaji tahadhari kubwa. Hipokampasi isiyo na kovu huenda bado inafanya kazi yake, na kuiondoa, hasa upande unaotawala lugha, kunaweza kupunguza kumbukumbu ya maneno. Kwa mwalimu au mwanafunzi hilo si jambo dogo. Wengine hulazimika kuwekewa nyaya za kurekodi umeme ndani ya fuvu kwanza ili chanzo kithibitike.

Dawa zisiachwe ghafla wakati haya yote yakisubiriwa. Kuziacha hivyo kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, ambacho ni dharura. Na mnapokuja kliniki, leteni CD ya picha zenyewe pamoja na karatasi ya ripoti, maana anayesoma upya hawezi kusoma karatasi peke yake.