Euro 10,000 si kinga ya muuzaji wa programu aliyeko Dar es Salaam

Kwa mara nyingine, kijana anayeuza programu kutoka Kijitonyama ameniambia kwamba VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Ulaya haimhusu kwa sababu mauzo yake huko hayajafika euro 10,000 kwa mwaka. Inamhusu, na ilianza kumhusu siku alipomuuzia mtu binafsi wa kwanza kule Ujerumani. Kosa hili linaniudhi kwa kuwa linawagharimu vijana wenye bidii fedha ambazo walikwisha kuzihesabu kuwa zao.

Kiwango hicho kipo kweli, lakini ni cha wenyeji. Kilianza 2019 kama nafuu kwa biashara ndogo zenye makao ndani ya Umoja wa Ulaya, ili mfanyabiashara wa Ureno anayewauzia Wafaransa wachache aendelee kutoza kodi ya kwao. Sisi wa nje tulianza kutakiwa kutoza kodi ya mahali alipo mteja tangu 2003, bila kiwango cha chini, na wauzaji wa Ulaya wenyewe walitufuata 2015. Uingereza ni vivyo hivyo: mwenyeji husubiri hadi mauzo yapite pauni 90,000, ilhali muuzaji wa Dar es Salaam anayemuuzia mtu binafsi hudaiwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza. Naamini tunajikwaa kwa sababu tumezoea TRA, mamlaka yetu ya mapato, ambako usajili wa VAT hungoja mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, tukasahau kwamba tangu 2022 Tanzania nayo huwataka wauzaji wa nje wa huduma za kielektroniki wajisajili bila kujali kiwango.

Kujisajili si kazi ngumu: unachagua nchi moja ya Umoja, kwa mfano Ireland, unawasilisha kila robo mwaka ritani ya OSS, yaani ritani moja inayojumuisha mauzo ya nchi zote za Umoja, na kumbukumbu unazitunza miaka 10. Mteja akiwa kampuni yenye namba halali ya VAT, kodi anaihesabu mwenyewe. Wewe hakiki namba hiyo na utunze ushahidi.

Marekani ni kinyume. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya muuzaji wa mtandaoni Wayfair mwaka 2018, majimbo mengi humdai muuzaji wa mbali pale tu mauzo yake katika jimbo husika yanapofika kiwango fulani, mara nyingi dola 100,000. Hata hapo, Texas hutoza programu zinazotumiwa kupitia intaneti, California haizitozi.

Wengine hudhani kwamba kampuni inayowapokelea malipo ya kadi imekwisha kulipa kodi. Haijalipa, isipokuwa mkataba unasema kwamba yenyewe ndiyo muuzaji kisheria, kama ifanyavyo kampuni ya Paddle, kwa ada kubwa zaidi. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, ada hiyo naiona ya haki.

Linalonisumbua ni mteja ambaye kadi yake ni ya Kenya na anwani ya IP ya kifaa chake ni ya Ujerumani. Sheria inataka vielelezo viwili visivyopingana vya nchi alipo mteja, na mara nyingine havipatikani. Hapo humwomba mteja athibitishe nchi yake, ingawa najua jibu hilo ni dhaifu.

Tafadhali, panga bei ukijua haya. Ukitangaza euro 10 kwa kila mteja, Hungary yenye asilimia 27 itachukua euro 2.13 humo humo, nawe utabaki na 7.87 kabla ya ada ya malipo.