Kabla ya Kununua Tangi Jipya la Sigara ya Kielektroniki, Soma Koili

Tangi la sigara ya kielektroniki likipasuka au likianza kuvuja, wengi huenda dukani na kuomba tangi lolote linaloingia. Muuzaji anajaribisha moja, linakaza, pesa inalipwa, safari imekwisha. Lakini kuingia ni sharti la kwanza tu, tena ndilo jepesi kuliko yote. Tangi linaweza kuingia vizuri kabisa kwenye kifaa chako na bado likakuvutisha pamba iliyoungua.

Makala haya yanamlenga mtu mzima aliyekuwa akivuta sigara za kawaida na sasa anatumia kifaa hiki kuachana nazo. Kwake kifaa kina faida: moshi wa tumbaku inayoungua una lami na kaboni monoksaidi, na mapitio ya tafiti yaliyofanywa na shirika la Cochrane yanaonyesha kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia wavutaji kuacha kuliko plasta au ubani wa nikotini. Asiyevuta hana sababu ya kuanza. Mvuke si hewa safi, na nikotini humnasa kijana upesi. Mama mjamzito azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Ndugu zetu walioko Uingereza suala hili limewafikia kwa ghafla, kwa sababu tangu tarehe 1 Juni 2025 ni marufuku kuuza huko sigara za kielektroniki za kutumia mara moja na kutupa. Waliozizoea sasa wanalazimika kujifunza kujaza, kubadilisha na kusafisha.

Ndani ya tangi mna vitu vitatu vya kujali: majimaji, utambi wa pamba, na waya uliosokotwa unaoitwa koili. Kazi yake inafanana na ya kibatari, kwa maana utambi unanyonya majimaji na kuyapeleka penye joto. Tofauti ni kwamba humu hakuna kinachotakiwa kuungua. Betri inapasha koili, na majimaji yaliyo kwenye pamba yanageuka mvuke. Maadamu pamba imelowa, mvuke unaondoka na joto na koili haipandi kupita kiasi. Pamba ikikauka, joto linabaki palepale. Pamba inaungua, na glisirini na propilini glaikoli, ambazo ndizo sehemu kubwa ya yale majimaji, zinavunjika na kutoa fomaldehaidi na akrolini. Ya kwanza husababisha saratani, ya pili huchoma koo na mapafu.

Januari 2015 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, waliopima jambo hili hili. Kifaa kilipoendeshwa kwa volti 3.3, hawakuona viambata vinavyotoa fomaldehaidi. Walipopandisha hadi volti 5.0, vikaonekana kwa wingi. Barua ile ilizua ubishi mkali. Watafiti wengine walisema hakuna mvutaji ambaye angeendelea kuvuta katika hali ile, kwani ladha ya kuungua isingevumilika. Kwa mnunuzi wa tangi, pande zote mbili zina somo moja: joto ndilo linaloamua unavuta nini, na ladha ya kuungua ni kengele ya hatari. Ukiisikia, acha kuvuta papo hapo. Usijilazimishe eti kwa sababu umeshalipia.

Ndiyo maana ninashauri uanze na koili, kabla ya kutazama ukubwa wa tangi au rangi yake. Ubavuni mwa koili huwa kuna maandishi madogo sana, pengine utahitaji kuyapiga picha kwa simu na kuyakuza. Yanataja ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita, kwa omu, na wati zinazofaa, yaani nguvu ya umeme, kwa mfano omu 1.2, wati 10 hadi 14. Koili isiyo na maandishi hayo irudishe kwa muuzaji.

Namba hizo zina uzito gani? Chukua kifaa cha kawaida chenye umbo la kalamu, kile kisicho na kitufe cha kupunguza nguvu. Betri yake ya lithiamu ikijaa hutoa karibu volti 4.2. Nguvu inayofika kwenye koili unaipata kwa kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawanya kwa omu. Koili ya omu 1.8 itapata karibu wati 10. Ya omu 1.0 itapata karibu wati 18. Ya omu 0.5 itapata wati 35. Matangi yote matatu yanaweza kuwa na mguu uleule, yaani sehemu inayoungana na kifaa, na kukaza kwenye kalamu ileile. Na si joto la koili peke yake linalobadilika. Kwa omu 1.8 betri inatoa ampea 2.3, kwa omu 0.5 inadaiwa ampea 8.4. Betri ndogo ambayo haikutengenezwa kubeba mzigo huo hupata moto, na betri ya lithiamu ikizidiwa inaweza kulipuka mfukoni au mkononi. Vifaa vingi vya kisasa vina saketi inayokataa koili isiyofaa, lakini vya bei rahisi si vyote.

Kuhusu mguu wenyewe, vifaa vingi vinavyotenganishwa hutumia kipimo kinachoitwa 510, chenye nyuzi za skrubu na pini katikati. Kaza kwa ncha za vidole mpaka likae, basi. Ukilikaza kwa nguvu, pini inasukuma mguso wa betri kwenda chini, na siku nyingine kifaa kinaandika kwamba hakuna tangi. Kwa vifaa vya mekaniki, visivyo na saketi yoyote ya ulinzi, hatari ni kubwa zaidi: pini ya tangi isipochomoza vya kutosha, umeme unaweza kupita moja kwa moja bila kupitia kwenye koili. Binafsi simshauri mtu yeyote anayetaka kuacha sigara ashike vifaa hivyo. Vile vidogo vya kuchomeka, ambavyo tangi lake linashikwa kwa sumaku, havifuati 510. Kila kampuni ina umbo lake, hata matoleo mawili ya kampuni moja huenda yasiingiliane, kwa hiyo nenda dukani na kifaa chenyewe mkononi.

Uliza pia koili imetengenezwa kwa madini gani. Zipo koili za nikeli tupu na za titani zilizokusudiwa vifaa vinavyodhibiti joto. Zikiwekwa kwenye kifaa kinachodhibiti wati peke yake, zinaweza kupanda joto bila kikomo cha maana. Mtumiaji wa kawaida atafute koili ya kanthali, ambayo ni mchanganyiko wa chuma na metali nyingine, au ya chuma kisichoshika kutu. Na swali hili si la mafundi tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha matokeo ya kupima vifaa vya watumiaji 56. Majimaji yaliyokuwa bado kwenye chupa yalikuwa na madini kidogo. Yaliyokwisha kukaa ndani ya tangi, pamoja na mvuke wenyewe, yalikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha madini kama kromiamu, nikeli na risasi. Chanzo ni koili na sehemu zinazoizunguka. Ndiyo sababu sipendi kuona koili za bandia, zile zinazouzwa bila boksi ndani ya kifuko cha nailoni. Kampuni nyingi hubandika kwenye boksi namba ya siri ya kukwangua, unayoihakiki kwenye tovuti yao. Ikwangue ukiwa bado mbele ya muuzaji.

Ukuta wa tangi huwa wa kioo au wa plastiki. Plastiki haivunjiki ikianguka, ila kuna ladha zinazoila: mdalasini ni mbaya zaidi, kisha ndimu, chungwa na mentholi. Utaona plastiki inafifia, halafu nyufa nyembamba nyeupe zinatokea karibu na mdomo wa kujazia, na majimaji yanaanza kujipenyeza kuja kwenye vidole. Kama unapenda ladha hizo, chukua kioo, na ununue kioo cha akiba siku hiyo hiyo. Kagua pia mipira ya duara inayozuia kuvuja, ambayo mafundi wanaiita oringi. Uliolegea au uliochanika unabadilishwa kwa bei ndogo mno, na mara nyingi tangi linalodhaniwa limekufa huwa halina ugonjwa mwingine zaidi ya huo.

Sasa ukubwa, ambao watu huutazama kwanza. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Mei 2016 zinataka tangi lisizidi mililita 2, chupa ya kujazia yenye nikotini isizidi mililita 10, na nikotini isizidi miligramu 20 kwa kila mililita. Kwingineko yanauzwa matangi ya mililita 5 hadi 8, na muuzaji atakuambia kubwa ni bora kwa kuwa hujazi mara kwa mara. Fanya hesabu mwenyewe. Tangi la mililita 2 lenye majimaji makali ya kiwango hicho lina miligramu 40 za nikotini. La mililita 8 lina 160, na pengine linalala juu ya meza ambayo mtoto wa miaka miwili anaifikia. Majimaji haya yananukia peremende na matunda, na kiasi kidogo kikimezwa na mtoto mdogo kinaweza kumtapisha, kumtia degedege, hata kumuua. Nyumba yenye watoto ichukue tangi dogo, lenye kifuniko kinachofunguka kwa kubonyeza kwanza ndipo kuzungusha, na chupa ifungiwe kabatini. Majimaji yakikumwagikia, nawa kwa maji na sabuni mara moja, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi. Mtoto akiyameza mpeleke hospitali bila kusubiri dalili, na chupa uende nayo.

Hapa kuna kosa ambalo huwatesa wengi. Mtu alikuwa na tangi la omu 1.2, la kuvuta kidogo kwanza mdomoni kama anavyovuta sigara, kwa majimaji ya miligramu 20. Ananunua jipya la omu 0.3, lenye matundu mapana ya hewa, la kuvuta moja kwa moja hadi mapafuni, kisha anamimina majimaji yaleyale. Kila mvuto sasa unabeba mvuke mwingi zaidi. Kichwa kinazunguka, kichefuchefu kinakuja, moyo unakwenda mbio. Matangi ya namna hiyo hutumiwa na majimaji ya miligramu 3 au 6. Nayo yanataka majimaji mazito, glisirini asilimia 70 hivi; ukiyatia yale mepesi ya nusu glisirini, nusu propilini glaikoli, yatavuja kwenye matundu ya hewa. Kinyume chake nacho ni tatizo: majimaji mazito hayanyonyeki haraka kwenye utambi mdogo, pamba inakauka, na tunarudi kwenye ile ladha ya kuungua. Kwa aliyetoka kwenye sigara ninapendekeza tangi la kuvutia mdomoni, omu 1.0 kwenda juu. Linakata kiu ya nikotini kwa nguvu ndogo na majimaji kidogo, bila kugeuza chumba kizima kuwa wingu.

Mafuta ya aina yoyote yasiingie tangini, yawe ya bangi, ya mkaratusi, ya karafuu au ya nazi. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na wimbi la watu kuharibika mapafu. Hadi Februari 2020 walikuwa wamelazwa au kufariki watu 2,807, na kati yao 68 walipoteza maisha. Mtuhumiwa mkuu aliyepatikana ni asetati ya vitamini E, kitu chenye asili ya mafuta kilichochanganywa kwenye majimaji ya bangi, mengi yakiwa ya magendo.

Ukishanunua, usiwashe papo hapo. Dondoshea pamba ya koili mpya matone machache kupitia vijitundu vyake mpaka ionekane imelowa, funga, jaza tangi, kisha liache limesimama dakika 10. Anza na wati za chini kabisa zilizoandikwa kwenye koili na upande taratibu. Koili hudumu wiki moja hadi mbili, pungufu ya hapo kama majimaji ni matamu sana, kwani utamu huganda kwenye waya. Ukiifungua na kukuta pamba imegeuka rangi ya kahawa na waya umevaa ukoko mweusi, itupe. Kuifua pamba hakuirudishi.

Anayesafiri kwa ndege amwage majimaji kabla ya kupanda, maana shinikizo la hewa likishuka angani, hewa iliyo ndani ya tangi hutanuka na kuyasukuma nje. Kifaa na betri viwe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Na uchunguze sheria ya unakokwenda. Uganda ilipiga marufuku uuzaji na uingizaji wa vifaa hivi kwa Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015. India, ambako wagonjwa wengi wa kwetu hupelekwa kutibiwa, ilifanya hivyo 2019. Oman nayo imekataza biashara yake. Kwa safari za namna hiyo acha tangi nyumbani, upite duka la dawa kuulizia plasta au ubani wa nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziweka tiba hizo kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009.