Asiyejibu si lazima awe hana fahamu

"Daktari, huyu hayupo tena, tunaongea na mwili tu." Kauli hii naisikia kwa ndugu wa wagonjwa, na kinachoniudhi zaidi, naisikia hata kwa wahudumu wa afya, tena wakiwa wamesimama kando ya kitanda.

Wanadhani mgonjwa aliyetoka kwenye koma, akafumbua macho lakini hafuati amri yoyote, hana fahamu. Si lazima. Ili akubane mkono unapomwambia, ni lazima asikie, aelewe, akusudie, kisha amri ifike vidoleni. Njia ikikatika hapo mwisho, wewe utaona ukimya tu.

Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walitoa taarifa ya mwanamke wa miaka 23, miezi mitano baada ya ajali ya gari. Kwa vipimo vya kitandani, hakuwa na fahamu. Ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, wakamwambia awaze kwamba anacheza tenisi, halafu kwamba anapita chumba hadi chumba nyumbani kwake. Kwenye tenisi zikaamka sehemu za ubongo zinazopanga mwendo. Kwenye vyumba, zile za kutambua mahali, sawa na kwa watu wazima wenye afya. Utafiti mkubwa uliotoka 2024 ulipima hivyo, kwa MRI au EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), wagonjwa 241 wasiofuata amri kitandani. 60 walizifuata kwa mawazo. Ni mmoja katika kila wanne!

Sisemi kila aliyefumbua macho anatusikia. Nasema tupime vizuri kabla ya kutamka, na kipimo kizuri cha kuanzia ni kioo cha mkononi. Achana na kumpitishia kidole au kalamu mbele ya macho. Mwonyeshe sura yake mwenyewe, kisogeze kioo polepole kulia, kushoto, juu, chini, ukitazama macho yake. Wapo wasiofuata kitu kingine chochote ila hufuata sura yao. Rudia siku nyingine na saa nyingine, kwa sababu fahamu ya wagonjwa hawa hupanda na kushuka. Na mazungumzo ya mazishi yafanyikie nje ya chumba, tafadhali.

Wengine huniuliza fahamu inakaa wapi hasa, kana kwamba ina chumba chake. Mwanafalsafa Descartes aliipa tezi ya pineali, kijitezi kilicho ndani ya ubongo, alikosea. Wala wingi wa seli hautoshi: ubongo mdogo ulio kisogoni una takriban bilioni 69 kati ya seli bilioni 86 za neva, na wapo watu waliozaliwa bila huo na wana fahamu zao timamu. Jeraha dogo kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kwa upande mwingine, laweza kukutia koma.

Kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo? Uongo mtupu.

Na hapana, chanzo cha fahamu hakijapatikana. Mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Christof Koch alimwekea dau mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 tungekuwa tumeijua mifumo ya neva inayoizalisha. Mwaka 2023 Koch alikubali ameshindwa, akalipa mvinyo. Nadharia mbili kubwa za jinsi fahamu inavyotokea zilishindanishwa kwa kupima ubongo wa watu 256 wakitazama picha, matokeo yakachapishwa 2025. Moja ilitabiri seli za nyuma ya ubongo zingeendelea kwenda pamoja muda wote picha inapotazamwa, hazikufanya hivyo. Nyingine ilitarajia mlipuko wa ishara sehemu ya mbele picha inapoondolewa. Haukuonekana kama ilivyotabiriwa.