Je, wajua kwa nini watu wa Samoa walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi?

Usiku wa Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 watu wa Samoa, kile kinchi cha visiwa kilichoko katikati ya bahari ya Pasifiki, walienda kulala kama kawaida na kulipokucha ilikuwa Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ya tarehe 30 haikuwepo kabisa, yaani mtu ambaye birthdei yake ni tarehe 30 Desemba mwaka huo hakuwa na siku ya kusherehekea, na waajiri waliambiwa wawalipe wafanyakazi hiyo Ijumaa ambayo hakuna mtu aliyeifanyia kazi.

Ni hivi. Pasifiki ndiko unakopita ule mstari wa tarehe, mstari wa kufikirika tu unaotenganisha tarehe ya leo na ya kesho, ukiuvuka kwenda magharibi unaruka siku moja mbele, ukirudi mashariki unairudia. Mwaka 1892 wafanyabiashara wa Kimarekani walimshawishi mfalme wa Samoa wahamie upande wa Marekani, basi mwaka ule tarehe 4 Julai ikaja mara mbili. Zaidi ya miaka mia baadaye mambo yamebadilika, biashara kubwa ya Samoa ipo na Australia na New Zealand, sasa Ijumaa Samoa wako kazini kumbe New Zealand ni Jumamosi watu wamepumzika, halafu Jumapili Samoa wako kanisani huku Sydney ni Jumatatu ofisi zimefunguliwa, yaani kila wiki wanapoteza siku mbili za kazi hivi hivi. Serikali ikaamua turuke tu, wakaruka.

Kwa upande wa biashara hapo stori imeisha. Ila kwa Waadventista Wasabato wa huko ndo kwanza ilianza, maana wao Sabato ni siku ya saba na siku ya saba ni Jumamosi, sasa wiki imekatwa Ijumaa, je siku ya saba ni hii ambayo serikali inaiita Jumamosi au ni ile inayofika ukihesabu siku saba kamili tangu Sabato iliyopita, ambayo kwenye kalenda mpya imeangukia Jumapili? Kanisa lao liliamua kufuata hesabu ya siku, wakaanza kusali Jumapili. Baadhi ya waumini wakakataa katakata wakabaki na Jumamosi. Watu wa imani moja na kisiwa kimoja wakagawanyika kuhusu leo ni siku gani, na ukiwasikiliza kwa makini hakuna aliyekosea hesabu! Mimi hiki kisa nakipenda sana kwa sababu kinaonyesha wazi kwamba jua linachomoza lenyewe lakini jina la siku, namba ya saa na ile hisia ya kwamba "muda umefika" tunawekeana sisi wenyewe, na kila anayetuwekea ana shida yake anayoitatua.

Utauliza, kwani mwili hauna saa yake? Unayo, ndani ya ubongo kuna kikundi kidogo cha seli kinachoongoza usingizi na njaa kwa mzunguko unaokaribia masaa 24, ila kikinyimwa mwanga wa jua kinaanza kuteleza, na kwenye kuhesabu muda kwa akili ndo hovyo kabisa. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alijifungia pangoni chini ya ardhi kuanzia Julai 16 bila saa wala kalenda, akawa anawapigia simu wenzake walioko juu kila akiamka na kila akilala ili wao waandike. Siku moja kwenye majaribio yake alihesabu moja mpaka 120 kwa kasi anayodhani ni sekunde moja moja, ikamchukua kama dakika tano. Alipotolewa Septemba 14 yeye aliamini kabisa ni Agosti 20. Siku 25 zimempotea na hakuhisi chochote.

Kwa hiyo binadamu peke yake hana uhakika na muda, lazima ashikilie kitu cha nje, na kwa karne nyingi kitu hicho kilikuwa dini. Chukua wiki. Mwezi unafuata mwandamo angalau kwa asili yake, mwaka unafuata dunia kulizunguka jua, ila wiki ya siku saba haifuati kitu chochote angani kinachojirudia kwa siku saba kamili, inaishi kwa sababu Wayahudi waliishika na Sabato, Wakristo wakaendelea nayo na Jumapili, Waislamu na Ijumaa. Na imeshindikana kuing'oa. Wanamapinduzi wa Ufaransa mwaka 1793 walileta wiki ya siku kumi, ikafa. Wasovieti mwaka 1929 wakaleta ya siku tano, wafanyakazi wakagawanywa makundi kwa rangi na kila rangi ina siku yake ya kupumzika ili mashine zisisimame hata siku moja, sasa fikiria mume ana rangi ya njano na mke nyekundu, hawapumziki pamoja kamwe. Walihangaika na hiyo, wakajaribu ya siku sita, mwaka 1940 wakairudisha ya saba.

Dini pia ndiyo iliyotufundisha kukatakata siku. Wamonaki wa Kibenedikto, yaani watawa wa Kikristo, tangu karne ya 6 walikuwa na ratiba ya sala mchana na usiku, kengele ikilia unaacha unachofanya, na saa za mwanzo za mashine kule Ulaya mwishoni mwa karne ya 13 nyingi hata uso wala mishale hazikuwa nayo, kazi yake ilikuwa kupiga kengele. Kwa Waislamu sala tano zinafuata jua lenyewe, alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, na kwa vile jua halifuati ratiba moja mwaka mzima ilibidi wawepo wataalamu wa hesabu wa kuajiriwa misikitini kazi yao ni nyakati tu. Mmoja wao, Ibn al-Shatir wa Damascus, mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya Msikiti wa Umayya ambayo mpaka leo inasifiwa kwa usahihi wake. Hata siku inaanza lini hatukubaliani, kwa Wayahudi na Waislamu siku mpya inaingia jua likizama, kalenda ya serikali inasema saa sita usiku.

Halafu hili la saa moja kuwa na urefu uleule kila siku, hilo nalo ni jipya kuliko watu wanavyodhani. Warumi waligawa mchana mafungu 12, uwe mrefu uwe mfupi, kwa hiyo saa ya kiangazi ilikuwa ndefu kuliko ya kipupwe. Wajapani nao walikuwa na mafungu sita ya mchana na sita ya usiku, na saa za mashine zilipowafikia kutoka Ulaya mafundi wao hawakubadili maisha yafuate saa, waliibadili saa ifuate maisha, wakatengeneza saa ambazo unasogeza vizito au namba zake kadiri majira yanavyobadilika. Hiyo kwangu ni akili kubwa sana. Iliendelea mpaka mwaka 1873 serikali ilipoachana nayo ikachukua mfumo wa Ulaya.

Kilichokuja kubadilisha mchezo ni treni. Zamani kila mji ulikuwa na saa yake kwa jua lake, Bristol ya Uingereza iko magharibi ya London kwa hiyo saa zake zilikuwa nyuma kama dakika kumi na hakuna aliyeumia, kwa farasi nani ataona dakika kumi? Treni ikaona. Mwaka 1840 shirika la reli la Great Western likaamua stesheni zake zote zifuate saa ya London, watu wa Bristol wakafunga saa yenye mishale miwili ya dakika, mmoja wa mji na mwingine wa London, na ipo mpaka leo pale mjini. Marekani reli zilifanya hivyo Novemba 18, 1883, na mwaka uliofuata mataifa 25 yalikaa Washington yakachagua Greenwich, kule London, iwe mahali pa kuanzia kuhesabu saa za dunia. Wafaransa waligoma, wakashikilia saa ya Paris mpaka 1911.

Sasa mtu akisema jamii fulani "haijali muda" mimi huwa nauliza, muda wa nani? Evans-Pritchard, msomi Mwingereza wa tamaduni za watu, aliyeishi na Wanuer wa Sudan Kusini miaka ya 1930 alieleza kwamba saa yao ni ng'ombe, kuwatoa zizini, kukamua, kwenda machungani, kurudi, na mtu anasema nitakuja wakati wa kukamua na wote wanaelewa. Hiyo ni ratiba kamili kabisa. Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti mwaka 1969 aliandika kwamba kwa Mwafrika wa asili wakati ujao karibu haupo, wasomi wengine Waafrika wakampinga vikali na naona wana hoja, anayetunza mbegu za msimu ujao anaiwaza kesho vizuri tu.

Kasi kweli inatofautiana. Mwanasaikolojia Mmarekani Robert Levine na mwenzake walipima nchi 31, watu wanatembea haraka kiasi gani mjini, karani wa posta anachukua muda gani kuuza stempu, saa za ukutani kwenye benki ziko sahihi kiasi gani. Uswisi ikaongoza, Mexico ikawa ya mwisho. Nchi zenye haraka zilikuwa na vifo vingi vya ugonjwa wa moyo, ila pia watu wake walisema wameridhika zaidi na maisha, kwa hiyo usikimbilie kusema polepole ndio bora.

Leo anayetuwekea muda ni kompyuta. Tangu 1967 sekunde haipimwi tena kwa mzunguko wa dunia, ni mitetemo 9,192,631,770 ya atomu ya sizi (cesium), na satelaiti zinazokuonyesha njia kwenye simu zinaitegemea hiyo kwa sababu zikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde zinakupoteza mita 300. Shida ni kwamba dunia yenyewe haizunguki kwa usahihi huo, tangu 1972 ikabidi sekunde ziwe zinaongezwa moja moja ili saa isiachane na jua, zimeshaongezwa 27, na mwaka 2012 sekunde moja tu iliangusha tovuti kubwa kadhaa. Mwaka 2022 wakubwa wa vipimo duniani wakakubaliana utaratibu huo ukome ifikapo 2035, saa iachwe iende zake na iachane na jua kidogo kidogo. Anayesali kwa kufuata jua hatasumbuka maana yeye hesabu yake haikutoka huko.