Mji Unaokufa Haulegezi Sheria, Unazikaza

Wiki hii nimeusoma tena mswada ule ule wa riwaya ya fantasia, ila safari hii umeandikwa na mtu mwingine. Mji mdogo pembezoni mwa milki, zamani wa neema, sasa nusu ya nyumba hazina watu. Kengele hulia, watu huinama, kila tabaka na rangi yake ya vazi, kila mtaa na saa yake ya kuteka maji. Juu ya wote yupo Gavana mwenye roho mbaya. Anafika kijana mgeni, anakataa kuinama, wenyeji wanazinduka, Gavana anaanguka, na sura inayofuata soko limefurika na watoto wanakimbizana barabarani. Mwandishi ana kipaji. Lakini mji wake hauwezekani, na nimechoka kuandika maelezo yale yale pembeni mwa kurasa za watu mbalimbali. Nayaweka hapa.

Imani iliyo nyuma ya miswada hii ni hii: utaratibu mkali ni kifuniko ambacho mtu mmoja amewafunika wenzake, na mji unadhoofika kwa kukosa pumzi. Kiondoe, uhai utarudi. Imani hiyo ina pacha wake, kwamba mji ukidhoofika ni lazima sheria zilegee na wahuni watawale mitaa. Zote mbili zimezaliwa na uvivu mmoja: mwandishi hakuhesabu watu wake.

Tuhesabu basi. Tuchukue mji wa kubuni, niuite Malango Saba. Ulijengwa pale barabara saba zilipokutana kuvuka mto, na mto una zimwi. Waasisi waliwekeana nalo mapatano: kila jua linapotua, bawabu wa kila lango alitaje kwa jina lake la siri, nalo litaacha vivuko vipite salama. Enzi za neema mji una watu 12,000. Una mabawabu saba na manaibu wao, mpiga mbiu, karani wa mapatano, wapima chumvi, washika mienge, waosha maiti, wazee wa mitaa, wakaguzi wa visima. Tuseme nyadhifa 200. Kwa watu 12,000 hizo ni heshima za kugombaniwa. Koo zinaoleana na kurogana kwa ajili yake.

Kisha mto unahama. Barabara nne zinaota majani. Wanabaki watu 600.

Nyadhifa zimebaki ngapi? Ni 200 zile zile, kwa kuwa hakuna kikao kilichowahi kuitishwa ili zipunguzwe. Toa watoto. Toa wazee wasioweza kuinuka. Toa wanawake, ikiwa umeamua kwamba katika mji wako hawashiki nyadhifa (na wengi huamua hivyo bila kufikiri hata dakika moja). Unaobaki nao wote wana cheo, na baadhi wana viwili au vitatu. Mpima chumvi ndiye bawabu wa lango la nne, na mtu akifa yeye ndiye mwosha maiti. Lango la nne halielekei popote siku hizi. Bado linafunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi.

Ukali unatoka hapo. Enzi za neema bawabu akiugua, naibu anaingia, na naibu akilewa wapo kumi wanaoitamani nafasi. Sasa bawabu akikosa zamu moja, zamu hiyo inamwangukia jirani yake ambaye tayari amebeba tatu. Kwa hiyo jirani anamchunga. Anajua amelala saa ngapi, amekohoa mara ngapi, binti yake anaongea na nani kwenye kivuko. Hahitajiki jasusi wa Gavana. Hata Gavana hahitajiki, na ningependa waandishi wajaribu rasimu moja tu isiyo na Gavana, waone jinsi mji unavyozidi kutisha pale ambapo hakuna wa kumpindua.

Jiulize pia nani alihama. Waliohama ni wale waliokuwa na ujuzi unaouzika kwingine, wenye miguu, na wale waliochoshwa na kuinama. Waasi wako wote waliondoka kizazi kilichopita! Waliobaki ni wale ambao mali yao ya pekee ni cheo. Naibu bawabu wa lango la tatu akifika mji mwingine ni mchukuzi wa mizigo. Nyumbani anapishwa njia. Unapomletea mgeni wa kumwambia kwamba lango lake halina maana, unamwambia yeye mwenyewe hana maana, kisha unashangaa hakupigii makofi.

Sina haja ya kuyabuni haya. Sparta, mji wa Ugiriki ya kale, ipo, na ni mfano ambao kila anayejenga ulimwengu anadai kuujua. Wengi wanaishia kwenye ngao na misuli. Mimi navutiwa na hesabu ya watu. Mwanahistoria Herodotus, akieleza mwaka 480 KK, anataja Wasparta wenye uraia kamili wapatao 8,000. Mwanafalsafa Aristotle, zaidi ya miaka mia baadaye, anasema hawakufika hata 1,000, ingawa ardhi yao ingeweza kulisha maelfu ya askari. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa enzi za Warumi, anasema kwamba katika karne ya 3 KK, zama za mfalme Agis wa Nne, hawakuzidi 700, na kati yao labda 100 ndio waliokuwa na ardhi.

Yapo mengi yaliyowapunguza: vita, tetemeko kubwa la miaka ya 460 KK, urithi uliokusanya mashamba mikononi mwa wachache. Ila liangalie hili kwa makini. Raia wa Sparta alikula kikoa. Kila mwezi alitoa fungu lake la shayiri, divai, jibini na tini. Aliyeshindwa kutoa alipoteza uraia. Aristotle mwenyewe aliilaumu kanuni hiyo, kwa sababu ilimfukuza maskini kutoka kwenye jambo lililokusudiwa kuwafanya raia wawe sawa. Hakuna dhalimu hapo. Ni kanuni ya meza ya chakula, yenye nia njema, inayomla mwanachama mmoja baada ya mwingine huku kila mtu akiitii kwa uaminifu. Mwandishi wa fantasia akipata kanuni moja ya namna hiyo kwa mji wake, ana riwaya nzima.

Halafu vikaja vita vya Leuctra, mwaka 371 KK, ambako Sparta ilishindwa na Thebes. Wasparta wenye uraia kamili 700 walikuwa vitani, 400 wakafa. Sheria ilisema aliyekimbia vita avae vazi la viraka, anyoe nusu ya ndevu, anyimwe vyeo, na yeyote akimkuta njiani ana ruhusa ya kumpiga. Lakini safari hii waliokimbia walikuwa wengi mno, na mji haukuwa na wengine. Mfalme Agesilaus, kwa mujibu wa Plutarch, aliamua kwamba sheria zilale siku hiyo, na kuanzia kesho yake ziwe na nguvu kama kawaida. Soma tena. Hakufuta sheria, hakuigusa hata herufi. Aliilaza. Mji wenye utaratibu mkali unapobanwa na uhaba wa watu hutafuta mlango wa namna hiyo, nami natamani kuuona katika miswada: baraza linalokesha likitafuta namna ya kuivunja sheria kwa siku moja bila kukiri kwamba imevunjwa.

Na mwisho wake je? Sparta haikulegea ikawa mji wa kawaida. Chini ya Warumi ilizidi kuonyesha Usparta wake. Wavulana walichapwa viboko mbele ya madhabahu ya mungu wa kike Artemis Orthia, Plutarch anasema aliona baadhi yao wakifa, na katika karne ya 3 BK ukajengwa ukumbi wa viti kulizunguka eneo hilo ili watazamaji wakae vizuri. Nguvu za kijeshi zilikwisha karne nyingi kabla. Viboko vilibaki.

Venice, jamhuri ya zamani ya Italia, nitaipitia haraka kwa kuwa haikuwa mji mdogo. Mwaka 1297 Baraza Kuu lilianza kufungiwa koo maalumu. Baadaye koo nyingi kati ya hizo zikafukarika. Makabaila maskini wakakaa parokia ya San Barnaba wakiwa na kura barazani lakini bila pesa, wengine wakiziuza kura hizo. Tarehe 12 Mei 1797, Baraza Kuu lilipoketi kuivunja jamhuri, walihudhuria 537 huku akidi ikiwa 600. Hata kujifuta hawakutimiza idadi. Na Dunwich, bandari ya Uingereza ambayo sehemu yake kubwa ililiwa na bahari, iliendelea kupeleka wabunge wawili hadi mageuzi ya 1832. Sitaeleza zaidi; anayehitaji mfano wa wadhifa unaoishi kuliko mji, anao.

Narudi kwa kijana mgeni na mapinduzi yake, maana hapo ndipo naumia zaidi. Wapo waliojaribu kuiokoa Sparta. Agis wa Nne alitaka kufuta madeni, kugawa ardhi upya na kuongeza raia. Aliuawa mwaka 241 KK. Cleomenes wa Tatu akafanya kwa nguvu, mwaka 227 KK, akapata jeshi la askari wapatao 4,000, na miaka mitano baadaye akashindwa kwenye vita vya Sellasia. Je, walisimama uwanjani wakatangaza kwamba desturi za mababu ni minyororo? Hapana. Wote wawili walisema wanazirudisha sheria za Lycurgus, anayesimuliwa kuwa mtunga sheria wa Sparta, zile za kale, zilizopotoshwa na wazembe. Mageuzi makubwa kabisa katika historia ya mji ule yalikuja yakidai ukali zaidi. Mwanamageuzi wa kweli wa Malango Saba hatakataa kuinama. Atainama chini kuliko wote, kisha atasema kwamba waasisi hawakuagiza bawabu awe mzaliwa wa ukoo fulani, na kwamba daftari la zamani kabisa, likisomwa vizuri, linathibitisha hivyo. Wazee watamchukia kuliko wangemchukia mwasi, kwa sababu anacheza kwenye uwanja wao na anazijua kanuni.

Sasa uchawi, ambao vitabu vya mafunzo ya uandishi huupita juu juu. Katika historia yetu naweza kusema kwa utulivu kwamba viboko havikuishikilia Sparta isianguke. Katika fantasia siwezi. Huenda zimwi lipo na linasikiliza kweli. Basi lango la nne si upuuzi, na kijana wako anayekataa kuinama anaweza kuwazamisha watu 600. Au zimwi limehama pamoja na mto, na mabawabu wanaita majina gizani pasipo msikilizaji. Au, na hii ndiyo ninayoipenda, zimwi limebaki kwa sababu linaitwa: mapatano yanalifunga nalo pia, na kila magharibi linangoja majina saba na kusikia matano. Kila jibu linatoa mji tofauti. Kisichokubalika ni mwandishi kuacha kuamua ndani ya kichwa chake akidhani anajenga fumbo. Msomaji hunusa. Wahusika wanaogopa jambo katika sura ya tatu na kulisahau katika ya tisa, kwa sababu aliyewaumba hajui kama lipo.

Kama msomaji aambiwe jibu, hapo nayumba, na nitakuwa mkweli. Kuna siku naamini asiambiwe kamwe, kwa sababu wenyeji wenyewe hawajui, na kutojua ndiko kunakowafanya wasithubutu kukosa zamu. Kuna siku naona ni kumnyima msomaji haki yake baada ya kumtembeza kurasa zote hizo. Sijapata kanuni.

Nina shaka nyingine kubwa zaidi. Sparta ilikuwa tabaka la wapiganaji lililoketi juu ya watumwa wengi kuliko wao. Ukali wake ulitokana pia na hofu ya watumwa hao. Mji wa mafundi na wavuvi usio na watumwa huenda usifuate njia hiyo. Na miji iliyolegeza sheria ikayeyuka kimya kimya haikuacha madaftari wala mabaraza ya kusimuliwa, kwa hiyo huenda naona tu ile iliyokakamaa. Bado nasema idadi ya nyadhifa dhidi ya idadi ya watu ndilo swali la kwanza, lakini asije mtu akaligeuza fomula.

Mambo madogo, haraka. Mji wa namna hii si mchafu. Umefagiliwa mno, kwa kuwa zamu ya kufagia bado ipo na takataka zimepungua. Magofu hayako barabara kuu, yako nyuma ya kuta zilizopakwa chokaa. Vijana hawanong'oni mapinduzi, wanauliza nauli. Harusi ni suala la serikali, maana kila ndoa inaamua nani atarithi lango gani.

Na mgeni wako hatafukuzwa. Akifika Malango Saba jioni, watamwangalia mikono. Watamuuliza kama ana kikohozi, kama anajua kusoma, kama sauti yake inafika mbali. Lango la sita limekosa bawabu tangu msimu uliopita na mpima chumvi hawezi kubeba zamu ya nne. Baraza litagawanyika usiku huo huo: nusu watasema jina la siri halitamkwi na asiyezaliwa ndani ya ukuta, nusu watasema jua linatua kesho vilevile. Anzia hapo, na usimpe Gavana nafasi ya kuingia chumbani.